Mrejesho: Sensa za uzio ghalani Kibaigwa

Wakuu, mwezi uliopita niliomba msaada: king'ora cha ghala letu la mahindi Kibaigwa kilikuwa kinalia usiku kucha, mwizi haonekani, hadi mlinzi akaanza kukizima.

Aliyeniambia nianze na upepo, Mungu ambariki. Nilikesha na mlinzi. Kila upepo ulipovuma, tawi la mgunga lilicheza mbele ya ukuta na taa nyekundu ya sensa (kifaa kinachohisi mtu akisogea na kuamsha king'ora) ikawaka. Nikagusa ukuta: saa nne usiku bado una joto la mchana! Sensa hizi husoma tofauti ya joto inayosogea, kwa hiyo tawi lililopoa likipita mbele ya ukuta wa moto, kwake ni kama mtu.

Tumekata matawi na kuinamisha sensa. Upande wa barabarani fundi amefunga mihimili pacha ya infraredi (miale miwili ya mwanga usioonekana kwa macho), ambayo hailii mpaka yote miwili ikatwe kwa pamoja. Ndege akipita, kimya.

Wiki ya tatu sasa. Kimelia mara moja tu, na mlinzi alikuta nyayo mbichi kando ya senyenge. Vumbi ndilo limebaki, kila Jumamosi tunafuta vioo vya sensa kwa kitambaa chenye unyevu.

Asanteni sana.