Picha za watu wasiojua wanapigwa pale Gänseliesel, Göttingen: nizitoe au nizikalie?

Mkaa_Ngazini (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Niko Göttingen, Ujerumani, nasomea misitu. Huu ni mji wa chuo hasa, chuo chenyewe kilifunguliwa 1737, na ukitaka kuwaona watu wake wote nenda kakae uwanja wa soko mbele ya ukumbi wa zamani wa mji. Pana chemchemi yenye sanamu ya shaba ya binti na mabata bukini wake, ndiyo Gänseliesel. Imesimama pale tangu 1901, ingawa iliyopo sasa ni nakala, ya asili iko makumbusho. Anayefaulu utetezi wa PhD huvutwa na wenzake kwenye kigari kilichopambwa, kichwani kofia waliyomtengenezea, anapanda, anampa binti maua na kumbusu. Mwaka 1926 mji ulipiga marufuku kumbusu, watu wakaendelea tu.

Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 35. Juzi nimenasa hii: daktari mpya yuko juu anashangiliwa, na pembeni kabisa mzee mmoja, nadhani baba yake, kalikumbatia koti la mwanawe anafuta machozi kwa mkono wa shati. Hakuniona. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga.

Sasa umoja wa wanafunzi Waafrika wanaandaa maonyesho madogo, na wanaitaka hiyo iwe bango la mlangoni. Sheria za hapa zinasemaje? Na ninyi wenyewe mnaonaje? Jingine ambalo sitalificha: mtu mweusi mwenye kamera akizungukazunguka katikati ya Wajerumani anatazamwa. Mnaishi vipi na hilo?

Lenzi_ya_Kariakoo

Mkuu weka picha tuione kwanza, ushauri baadaye 😂

Mkaa_Ngazini

Ningeiweka humu nisingekuwa na haja ya kuuliza.

Kivuli_cha_Wakili

Niko Kassel, si mbali na wewe. Tenganisha mambo mawili: kupiga na kutoa. Wajerumani wana sheria ya haki ya mtu juu ya sura yake tangu 1907, na kifungu cha 22 kinasema picha ya mtu haisambazwi wala kuonyeshwa hadharani bila ridhaa yake. Chanzo chake kinahusu wenzako wenye kamera: Bismarck, aliyekuwa kansela wa kwanza wa Ujerumani, alipofariki 1898, wapiga picha wawili walijipenyeza usiku hadi chumbani wakampiga picha akiwa maiti kitandani. Nchi ikapigwa na butwaa, kesi ikaenda mahakamani, na baadaye sheria ikatungwa.

Kifungu cha 23 kina milango ya kutokea. Mtu aliyeingia kwenye picha ya mandhari kwa bahati tu, mkutano au maandamano, na picha zenye maslahi ya juu ya sanaa. Kundi zima likishangilia chemchemini, una pa kujitetea. Lakini mzee wako hayumo kwa bahati, yeye ndiye picha.

Kuhusu sanaa, soma kesi ya Espen Eichhöfer. Alimpiga mwanamke akivuka barabara Berlin, picha ikatundikwa kubwa nje ya jumba la maonyesho mwaka 2013. Mwanamke akashtaki. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba picha za mtaani ni sanaa inayolindwa, lakini ikaona mahakama za chini hazikukosea: kuitundika kubwa kando ya barabara, machoni pa kila mpita njia, ndiko kulikoleta shida. Sasa wewe unaniambia bango la mlangoni!

Bi_Forodhani

Wakili kasema ya wakili. Mie nimezaliwa Mji Mkongwe. Sie tumepigwa picha na wageni tangu hatujajua kuvaa viatu. Unakaa barazani na shoga zako, kanga imekuteleza, unasikia kamera inalia. Bibi yangu alikuwa akijifunika uso na kuingia ndani, na mgeni huyo huyo akifurahi, eti kapata picha ya "mwanamke wa Zanzibar mwenye haya". Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amekasirika.

Kwa hiyo mwanangu sikuambii usipige. Nakuuliza tu, yule mzee angejiona mlangoni, analia, na watu wanapita na vikombe vya kahawa, angesimama au angegeuza njia?

Mkaa_Ngazini

Shikamoo Bi Forodhani. Nimekuelewa, lakini nina neno. Huko wageni walikuwa wanawapiga wenyeji. Huku mimi ndiye mgeni, wao ndio hunipiga mimi kwenye vipeperushi vya chuo kila wakihitaji uso mweusi. Kuna kitu kinanipendeza kuona safari hii kamera iko upande wetu.

Bi_Forodhani

Marahaba. Na mimi kimenipendeza pia, usidhani. Ila yule mzee hajawahi kukuweka kwenye kipeperushi.

boss_wa_Moi_Avenue

Huku kwetu Kenya usidhani ni mteremko. 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa. Watu walikuwa wanajirusha tu.

Fundi_Shata

Mmeongea sheria mpaka mmemsahau kijana na swali lake la mwisho. Mimi nimepiga picha mtaani Leuven, Ubelgiji, miaka mingi, mji wa chuo pia, na ni mweusi kama wewe. Usizunguke. Anayezunguka ndiye anayetiliwa shaka. Kaa pale ngazini kama mvuvi wa mshipi, kamera iwe kifuani waziwazi, isiwe chini ya koti. Baada ya nusu saa wewe ni sehemu ya uwanja. Weka f/8 (tundu dogo la lenzi, vya karibu na vya mbali vitoke wazi), fokasi ya mkono kwenye mita mbili na nusu, kasi ya shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ijipange yenyewe, basi huna haja hata ya kuinua kamera machoni muda mrefu. Desemba jua linazama baada tu ya saa kumi jioni, kwa hiyo f/8 utaisahau, shuka hadi f/2.8, tundu kubwa la kuingiza mwanga zaidi, na ukubali picha nyingi ziharibike.

Akikuona, tabasamu na uinue mkono. Akikataa, futa mbele yake. Usibishane naye habari ya vifungu. Na lenzi ndefu ya kuvizia kutoka ng'ambo ya uwanja iache kabisa. Kwa 35 lazima uwe karibu, nao wanakuona uko karibu. Ndiyo heshima yenyewe.

Lenzi_ya_Kariakoo

Mimi nasema mtafute huyo mzee basi.

Mkaa_Ngazini

Mji una wanafunzi maelfu, nitampatia wapi? Bango nimeshaamua: naweka ya kigari kutoka nyuma, nyuso hazionekani. Waandaaji wamenuna kidogo.

Kivuli_cha_Wakili

Zile kofia hubandikwa vitu vya utafiti wa mtu. Vuta picha, tazama ya huyo daktari ina nini.

Mkaa_Ngazini

Ngoja... Nyuki wa plastiki watatu, vichupa vya maabara, na kitu kama kibendera cha Peru.

Fundi_Shata

Anza na idara inayosoma wadudu. Chapisha nakala mbili, moja ya baba, ukabishe hodi nazo mkononi. Usitume barua pepe yenye kiambatisho.

Bi_Forodhani

Na umuulize mzee mwenyewe, si mwanawe.

Lenzi_ya_Kariakoo

Karatasi ya kung'aa au ya kufifia?

Fundi_Shata

Ya kufifia. Ya kung'aa inashika alama za vidole.