Mdogo wetu anamaliza form six Moro, tunataka siku nzima ya familia, tufanyeje?

DadaMkubwa_Tabata:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana kwenye group la familia tumeshindwana na bi mkubwa kashaanza kununa. Iko hivi, mdogo wetu wa mwisho yuko form six boding Morogoro, mahafali yao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wa tatu, na huyu ndo kitinda mimba yaani baada ya hapa mzee anapumua na ada za sekondari, kwahiyo kila mtu anataka siku iwe kubwa.

Tatizo kila mtu ana lake. Mama anataka tukirudi Dar tukodi ukumbi, sare za kitenge, MC, kadi za michango, kila kitu. Shangazi kashaongea na watu wa matarumbeta eti wampokee kijana getini mwa shule. Mzee akili yake iko Mikumi, maana miaka yote akienda Iringa anapita pale na basi anawaona twiga na pundamilia dirishani lakini hajawahi kuingia, kwahiyo hesabu zake ni kwamba mahafali yakiisha saa 7 mchana tunampakia mhitimu wetu tunaenda zetu mbugani na joho lake.

Dogo mwenyewe nilivyoongea nae kwa simu ya matron alisema kitu kimoja tu, "dada mje na wali wa nazi wa mama na kuku, basi."

Bajeti ipo ya kawaida. Tuko watu wazima kama kumi na watoto juu. Sasa treni au Costa? Mikumi siku hiyohiyo inawezekana? Na ukumbi ni lazima kweli?

Ticha_wa_Zamu:
Hongereni sana dada. Mimi nafundisha advance mkoa mwingine ila haya mambo yanafanana kila mahali. Kabla hujalipia hata siti moja piga simu shule uulize, mhitimu anaruhusiwa kutoka nje ya geti siku ya mahafali? Kwa boding nyingi jibu ni hapana. Watu wanasahau kwamba mahafali yetu yanakuja kabla ya mtihani, mtoto anavaa joho Machi na pepa la NECTA anakaa Mei, kwahiyo mkishaondoka jioni ile yeye anavua joho anarudi prepo. Mkuu wa shule akiruhusu wahitimu wote wapande magari ya ndugu zao, Jumapili nzima ataitumia kutafuta nusu yao.

Halafu hiyo saa 7 ya mzee sijui kaitoa wapi. Kadi inasema saa 3 asubuhi, mgeni rasmi anafika saa 5 na nusu, akifika anatembezwa maabara, inasomwa taarifa ya shule, inasomwa risala ya wahitimu (bweni halitoshi, uzio haujaisha, kompyuta tunaomba), mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji, zinakuja ngonjera, sarakasi, watoto wa maonyesho ya mavazi, ndo vyeti sasa, tena kwa alfabeti, jina likianza na Y mmekwisha. Mpaka mnakaa chini kula ni saa 9. Mikumi hapo isahauni.

Na tafadhali msimpe simu kwa siri. Tunazikuta kwenye hotpot chini ya pilau.

kibonge_mwepesi:
Saa 9 si ndo ndugu wa kutoka Dar wanakuwa wanafika 😂😂 Shangazi mpe ukamati wa matarumbeta wa siku ya harusi, asikose kazi.

MtuWaMoro:
Karibuni mji kasoro bahari. Kuhusu usafiri, treni ya umeme tangu ianze Juni 2024 mimi binafsi basi nimesahau, elfu 13 ile ya kawaida mtu mzima, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, hayaishi masaa mawili uko huku. ILA stesheni haiko katikati ya mji, iko huko Kihonda, kwahiyo mkishuka na hotpot, kreti za soda, mkeka, keki na watoto wa watu, mnaanza upya kugombania bajaji mpaka shule. Treni ni ya mtu mwenye begi lake moja mgongoni. Kwa idadi yenu na vyakula kodini Costa, inawashusha getini na inabaki pale pale kama stoo yenu.

Keki msitoke nayo Dar. Machi hii joto lake mnalijua, ile krimu ya juu itakuwa imeshaanza kushuka Chalinze, agizeni kwa watu wa huku mje muichukue mkishafika mjini.

Jambo la muhimu kuliko yote ni kivuli. Tumeni vijana wawili watangulie asubuhi mapema na mkeka washike mti, maana miti pale shule inagombaniwa hatari, ukoo mmoja unatandika kuanzia shina mpaka kwenye mizizi ya mwisho na wameweka mpaka kamba. Waliochelewa wanakula wamesimama kwenye buti ya gari, mama wa watu na kitenge chake kipya anashika sahani kifuani. Nimeyaona mwaka jana kwa binamu yangu.

Nasemaga_Ukweli:
Mi sielewi, mnasherehekea nini sasa wakati mtihani bado? Subirini matokeo mwezi wa saba, akipata one yake ndo mchinje mbuzi. Akipata zero na picha za joho mmeshapost mtaificha wapi sura?

mama_wawili:
@Nasemaga_Ukweli mwezi wa saba mtoto yuko kambi ya JKT, jeshi la kujenga taifa, kavaa gwanda, keki utampelekea kwenye gwaride? Miaka sita ya kupanga foleni ya uji saa 11 alfajiri inatosha kuliwa kuku, hiyo divisheni ni habari nyingine.

Wanjiku_wa_Nakuru:
Majirani, salamu kutoka Kenya. Sisi huku form four hatuna hiyo mahafali yenu ya joho, kuna prayer day kabla ya mtihani wa taifa wa KCSE, wazazi wanaitwa, pasta anaombea watahiniwa mpaka kalamu na seti za jiometri zinainuliwa juu, halafu mnaenda kwa field kukula. Kila familia na leso yake kwa nyasi, kuku, chapo, soda. Kutoka na mtoto hiyo siku ni ngumu pia, deputy amesimama kwa geti kama askari. Lakini huyo kijana kuitisha chakula ya mama peke yake nimemuelewa sana. Ukikula githeri ya boding kutoka form one, hutaki MC, unataka chapo.

PoriKwaPori:
Mzee asikatishwe tamaa, Mikumi iwekeni siku yake, baada ya pepa. Kwanza Machi na Aprili ni masika, ile tambarare ya Mkata ambako wanyama wanashinda inakuwa tope jeusi linalonata, Noah ikiingia inatoka kwa kuvutwa. Subirini mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni mvua zikatike, njia zinapitika na nyasi zinaanza kulala.

Mbili tatu za kujua. Getini hawapokei pesa taslimu, ni kadi au namba ya malipo, sasa kuna watu wanafika na bahasha ya michango wanaanza kumtafuta wakala wa simu katikati ya pori. Bebeni vitambulisho vya NIDA, Mtanzania analipa kwa shilingi na ni hela ndogo sana ukilinganisha na mgeni. Kushuka kwenye gari ni sehemu zilizoruhusiwa tu, kwa mfano pale kwenye bwawa la viboko, ndo pa kufungulia hotpot, ila mmoja wenu awe na kazi ya kuwatazama nyani tu, hafanyi kingine, nyani wa pale wanajua mfuniko unafunguliwaje. Mwambie mzee ni kweli lami inakatiza hifadhi kama kilomita 50 na twiga wa barabarani ni wa bure, lakini viboko, nyati na kundi la tembo na watoto wao ni mpaka uingie. Simba ni bahati, msiwaahidi watoto.

Laleni Moro ijumaa, saa 12 asubuhi mtoke. Na msizubae, JKT ya mujibu wa sheria wanaita muda mfupi tu baada ya pepa, mkisema "wiki ijayo, wiki ijayo" mtasikia kijana yuko kambi ya Ruvu keshanyolewa.

DadaMkubwa_Tabata:
Ticha ubarikiwe, nimepiga shule leo asubuhi na umeongea kila kitu kama ulikuwepo. Wageni getini kuanzia saa 2, wahitimu hawatoki kabisa, mwisho wa ndugu kukaa ni saa 11 jioni, na makamu mkuu kasema matarumbeta yaishie barabarani huko, ndani ni muziki wa shule tu. Nimemtumia shangazi hiyo meseji, kaisoma, alama za bluu zipo, hajajibu mpaka sasa.

Mzee kakubali Mikumi iwe mwanzo wa mwezi wa sita, sharti lake anakaa siti ya mbele na dereva. Ukumbi tumeufuta, mama alilalamika kidogo ila nilivyomwambia hela ya ukumbi ndo inalipa Costa safari zote mbili alinyamaza, na sare ya kitenge nimemuachia maana hiyo ningekataa ningefukuzwa nyumbani.

Limebaki moja. Wali wa nazi. Kama tunakula saa 9 mchana na unatoka Dar alfajiri, unafika?

mama_wawili:
Haufiki dada. Wali wa nazi kwenye gari la moto kutoka saa 10 alfajiri hadi saa 9 mchana unachacha, utafungua unasikia harufu kabla hujaona mvuke. Pelekeni pilau.

kibonge_mwepesi:
Au mhitimu ale risala.

MtuWaMoro:
Pilau ya nini wakati mtoto kaomba kitu kimoja? Hamna ndugu huku? Mama atangulie ijumaa apikie huku huku Jumamosi asubuhi, wali unaingia kwenye hotpot saa 4, unafika shule na moto wake. Kama hamna ndugu, mama lishe karibu na mashule wanakodisha jiko na masufuria siku za mahafali, mama yako anaingia anapika mwenyewe kwa mkono wake.

DadaMkubwa_Tabata:
Yupo mama mdogo Kihonda!! Hata hatukumfikiria. Nimempigia kafurahi anasema kuku atatoa yeye, wa kienyeji wawili. Kwahiyo mama anatangulia na treni ijumaa, sisi wengine Costa. Nikamwambia nazi atanunua huko huko sokoni asijibebeshe mizigo, kasema nazi za Moro hazina tui, anapanda na zake kutoka Tabata.