Kuna mtu ashaenda kuona chotara wa mbwa mwitu Kanada?

mtoto_wa_likoni: Wadau hamjambo, dadangu aishi Calgary asema nikienda Disemba atanipeleka Yamnuska, pale karibu na Cochrane, wanatunza wale chotara wa mbwa na mbwa mwitu. Mimi hata paka wa Old Town nawaogopa. Wanauma??

kobe_mzee: Nshaenda. Walahi wao ndo wakuogopa wewe, wale wenye damu nyingi ya mbwa mwitu wana haya kama bi harusi, ukimkodolea macho aenda zake nyuma ya miti, ukitulia kimya ndo aja polepole kukunusa. Shida ni watu huwanunua wadogo wakidhani ni mbwa tu, wakikua wachimba chini ya ua, waruka seng'enge, wararua makochi, mwenyewe achoka ndo waishia huko. Kitakachokuuma ni baridi, jaketi la mtumba la Kongowea usilitegemee.

bint_kibokoni: Na mate yao je? Mimi sitaki kuosha mara saba kwenye barafu 😂

kobe_mzee: Vaa glavu dada, kwa baridi ile utavaa tu

mtoto_wa_likoni: Haya basi naenda, ila mbele atangulia dadangu