Tupeane uzoefu: mnafundishaje jinsi tabianchi inavyoamua misitu na matumizi ya ardhi?

Walimu wenzangu, mada hii naipenda sana, ila inaumiza kuona inavyokaririwa: ukanda fulani, miti fulani, mazao fulani. Mimi naanza na Kisangani (Kongo) na Mogadishu (Somalia). Miji yote miwili iko karibu na ikweta, na joto lipo mwaka mzima. Nawapa wanafunzi grafu za mvua na joto, majina nimeyafunika, waseme wapi pana msitu mnene na wapi pana vichaka vya miiba na wafugaji wa kuhamahama. Kisangani hupata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, Mogadishu haifiki 500. Dhana kwamba joto la ikweta ndilo linaloleta msitu hufa hapo hapo. Nyie mnafanyaje?

Mwl. wa Jiografia: Usiishie kwenye jumla ya mwaka, mwalimu. Wangu nawataka wahesabu miezi mikavu. Kwenye grafu tunapanga vipimo ili nyuzi 10 za joto zilingane na milimita 20 za mvua. Mwezi ambao mvua imeshuka chini ya mstari wa joto, huo ni mkavu. Binti mmoja alipata grafu ya milimita 1,000 yenye miezi mitano mikavu. Akaikodolea macho, akasema, "Mwalimu, miti ya hapa lazima ipukutishe majani, la sivyo itakufa kwa kiu." Misitu ya miombo, ambayo hupukutisha majani hivyo hivyo, tulikuwa hatujaigusa bado! Nikamuuliza mkulima atafanyaje. "Atalima msimu mmoja tu, labda awe na maji ya kumwagilia."

Mwl. Mpenda Milima: Mlima unatosha. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Kilimanjaro chini kuna nyika, juu yake kahawa na migomba, kisha msitu wa ukungu, vichaka, halafu jangwa la baridi. Swali langu huwa hili: mbona migomba imepakana na msitu? Kwa sababu mvua inayolea msitu ndiyo inayolea shamba. Wakishaliona hilo, wanaelewa wenyewe kwa nini ukingo wa chini wa msitu ndio hukatwa kwanza.

Mwl. wa Baiolojia: Naomba tusiwaambie tabianchi inaamua yote. Penye milimita 1,000 hadi 2,000 unaweza kukuta msitu na savana bega kwa bega. Moto una mkono mkubwa hapo: nyasi zikiungua kila kiangazi, miche haifiki kuwa miti. Halafu msitu nao huleta mvua. Amazoni, sehemu kubwa ya mvua ni maji ambayo miti yenyewe iliyarudisha hewani. Hili mimi siliachi kamwe.

Mwanzisha mada: La moto nalichukua, ahsante sana. Sasa nani ana njia ya kueleza ukomo wa miti kaskazini ya mbali, yaani mpaka ambao ukiuvuka miti haioti tena, pale mwezi wenye joto kuliko yote unapokuwa na wastani wa nyuzi 10 hivi? Wanafunzi wangu wote wanasema ni theluji inayoizuia, wakati tatizo ni majira ya joto ya huko kukosa joto la kutosha mti kukua.