Mafundi wa saksafoni, nijifunze nini baada ya tarumbeta?

Mafundi wenzangu, niko Jinja. Valvu za tarumbeta nazimudu. Kwenye saksafoni, pedi mpya (vifuniko laini vya kuziba matundu) bado zinavujisha hewa. Nianzie wapi?

— Anza na matundu, ndugu. Ukingo ukipinda, pedi haitaziba. Kagua pia kitufe kilicholegea kwenye ekseli, yaani ufito kinaozungukia. Kila kikifungwa hutua pengine.

— Kata karatasi ya sigara, upana milimita 4. Ibane chini ya pedi, funga kwa kidole chepesi, vuta: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mkazo uwe sawa. Ukikandamiza, unaficha uvujaji! Panapolegea, pasha moto kikombe kinachobeba pedi kwa nje, shelaki (gundi ya pedi) ilainike, sogeza pedi. Usiunguze lulu za vitufe.

— NAPBIRT, chama cha Marekani cha mafundi wa ala za bendi, tangu 1976, hufundisha mafundi walio kazini. Ila fanyia mazoezi saksafoni mbovu kwanza.