Jamaa wa Bibi Mwanakhamisi: nyumba ya Swaleh

IJUMAA

Swaleh, 20:04
Asalam aleikum jamaa zangu. Mama, Shangazi, Ami, shikamooni.

Swaleh, 20:07
Nina jambo naomba shauri. Mwenye nyumba amepandisha kodi tena. Nilikuwa nalipa elfu kumi na nne, kuanzia mwezi ujao ataka kumi na nane. Ni chumba na ukumbi, mfereji watoka maji mara mbili kwa wiki, na ule ufa wa chooni ni ule ule tangu nihamie. Miaka sita nimemlipa. Nimepiga hesabu leo mchana, imepita laki nane. Sina hata msumari mle ndani ninaoweza kusema ni wangu.

Mama, 20:09
Pole mwanangu. Mngekaa mkazungumza, labda atapunguza.

Swaleh, 20:10
Nimezungumza naye Mama. Asema kuna watu watatu wanaingoja.

Shangazi Rukia, 20:11
Marahaba baba. Hiyo habari ya watu watatu tumeambiwa sote.

Swaleh, 20:16
Sasa nimefikiri hivi. Kuna Hiace ya matatu inauzwa hapa Malindi, Kisumu Ndogo, injini nzima, viti vishatolewa. Nataka niigeuze nyumba. Godoro nyuma, meko ya gesi mlangoni, sola juu. Natazama vijana wa nje wanavyoishi hivyo, hawamlipi mtu kodi. Nikiikosa hiyo, basi kontena la futi ishirini.

Feisal, 20:18
Kontena niulize mimi kaka, nashinda nayo hapa Mombasa. Gari sikushauri. Ukibadilisha bodi, lazima ukaguzi wa NTSA, wale wa usalama wa barabarani, na logi buku, kile kitabu cha umiliki wa gari, iandikwe upya. Na zile kempa, magari ya kulalia, nzuri unazoziona kwenye picha, gari lililozidi miaka minane haliingii nchini, na usukani uwe kulia.

Zulekha, 20:21
Nimemsomea Bibi, tuko naye barazani huku Lamu. Asema: "Gari ni la kwendea. Na huku Amu hata akinipa la bure, sina ndia ya kulipitisha."

Zulekha, 20:22
Asema tena: "Mwulize, humo ndani ataswali vipi?"

Swaleh, 20:23
Msikiti uko karibu Bibi.

Zulekha, 20:24
"Akiamka usiku wa manane je? Na mkewe akija, naye ataswalia njiani?"

Swaleh, 20:58
Samahanini nilitoka. Nimekwenda mpaka kwa lile gari na futi kamba. Kutoka sakafuni hadi darini ni sentimita 131. Mimi nina 174. Nimejaribu kusimama, kidevu kikanigusa kifua na shingo bado imepinda. Rukuu nimeweza. Kusimama sikuweza kabisa. Bibi amesema kweli.

Nasra, 21:05
Huku Portland, Marekani, ndiyo kwanza saa tano asubuhi, nimesoma yote. Swaleh, nisikilize. Mwaka ule nilipohama huku nilikaa ndani ya gari miezi tisa. Sikuwaambia. Mama Rukia, nisamehe, nilijua utalia.

Shangazi Rukia, 21:06
Miezi tisa, Nasra?

Nasra, 21:14
Ndiyo Mama. Na sikuteseka kila siku, kuna asubuhi niliamka kando ya mto hakuna mtu, nikaona nimepewa dunia nzima. Lakini nataka Swaleh ajue yasiyo kwenye picha. Kodi niliiacha, ila kila jioni nilikuwa naomba mahali. Naegesha hapa, nagongewa kioo saa nane za usiku, nahamia kule. Wakati wa baridi pumzi yangu mwenyewe ilikuwa ikigeuka maji kwenye bati la dari, yananidondokea usoni, godoro likaota ukungu chini. Choo nilikuwa nakwenda cha kazini na cha kituo cha mafuta, na nikajizoeza kutokunywa maji baada ya Maghrib. Mpaka leo figo hazijanisamehe.

Mama, 21:16
Mungu wangu. Na ulikuwa ukitupigia simu unacheka.

Nasra, 21:25
Nilikuwa nikicheka kweli, Shangazi, nikisikia sauti zenu. Sasa hizi nyumba ndogo za magurudumu ni jambo jingine, na zina asili yake. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na sheria kwamba nyumba isipungue kipimo fulani. Bwana mmoja, Jay Shafer, aliyeanzisha kampuni ya Tumbleweed mwaka 1999, aliiweka yake juu ya magurudumu ili ihesabiwe kuwa trela, isihesabiwe nyumba. Upana wake ni mita 2.6, ikizidi hapo barabarani wataka kibali. Baadaye, mwaka 2018, kanuni za ujenzi zikaongezewa sehemu yake: nyumba isiyozidi futi za mraba 400, kama mita za mraba 37. Na hapa Portland tangu 2021 waweza kuiweka moja kwenye kiwanja chenye nyumba ya mtu. Utaona, Swaleh, miaka yote hiyo watu hawakuwa wakishindana juu ya mbao wala misumari. Mashindano yote ni wapi itakaa.

Ami Athman, 21:31
Nasra, umesema maneno makubwa mwanangu. Pole kwa yaliyokupata.

Ami Athman, 21:40
Swaleh, hilo kontena nami nalifahamu, nimechomelea mawili ya duka hapa Muyeye. Tupu lina uzito wa tani mbili na zaidi kidogo. Ndani urefu ni mita 5.9, upana 2.35, utasimama bila shida. Lakini wewe ni fundi wa friji, joto unalijua kuliko mimi. Lile ni sanduku la chuma. Ukilikalisha juani Malindi mwezi wa pili, saa saba mchana hutaligusa ukuta. Na kila tundu unalokata unalidhoofisha, kwa sababu zile mbavu za ukutani nazo zinasaidia kulibeba. Ukikata mlango lazima uzungushe fremu ya chuma cha pembe nne, na uchomelee siku hiyo hiyo, usiliache likapinda. Halafu sakafu. Ile plaiwudi yake hutiwa dawa ya wadudu kabla ya safari za meli, si ya kulalia mtoto. Ing'oe au uifunike vizuri.

Swaleh, 21:42
Na chumvi ya bahari, Ami?

Ami Athman, 21:47
Chuma chake ni kizuri, hakiliwi upesi kama mabati yetu. Kutu huanzia pale ulipokata na pale rangi ilipobanduka. Kwangu mimi dawa ni paa la makuti juu yake, lenye nguzo zake lenyewe, liachane na kontena futi mbili upepo upite katikati. Jua likawakie makuti. Jiko liwe nje upande usiotoka upepo, moto na makuti hawaelewani.

Feisal, 21:49
Bei niliyotajiwa wiki hii ni laki mbili na nusu, lililotumika lakini halivuji. Lori la kreni mpaka Malindi ni mbali na hiyo.

Zulekha, 21:53
Bibi ameuliza upana ni ngapi, nikamwambia mita mbili na sentimita thelathini na tano. Ameinuka akanipeleka chumba cha ndani, tumepima kwa pima ya mkono, kisha nikapima kwa futi. Chumba alichozaliwa baba yenu kina mita 2.7! Asema vyumba vya Amu vyote ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo. "Kwa hiyo asiogope wembamba. Sisi tumelea watoto saba kwenye wembamba. Lakini tulikuwa na kiwanda, ule uwa wa ndani, na daka la kukaa wageni mlangoni, na sabule, chumba cha wageni, juu yenye ngazi yake. Mtu halali na kukaa na kupika na kukasirika mahali pamoja."

Swaleh, 21:55
Mwambie Bibi nimemwelewa. Nitaacha nafasi ya baraza.

Ami Athman, 21:58
Hilo paa la makuti tulitoe mbele futi nane, baraza umepata. Na ukilikalisha, urefu wake uelekee mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la jioni litapiga ncha fupi. Kuta ndefu zitatazama kusini na kaskazini, ukate madirisha huku na huku, kusi ikupate na kaskazi ikupate. Na qibla hapa petu ni kaskazini sawasawa, utaswali umeuelekea ukuta mrefu. Upana huo unaingia safu mbili.

Mama, 22:01
Nyote mnalipamba kontena. Litakaa wapi?

Swaleh, 22:03
Kuna mzee ana kiwanja Maweni, asema ataniachia pembe moja kwa elfu tatu kwa mwezi. Tumekubaliana kwa mdomo.

Shangazi Rukia, 22:04
Usifanye hivyo.

Shangazi Rukia, 22:21
Nilitaka kulala lakini usingizi umekataa. Swaleh, ulikuwa mdogo, hukumbuki nyumba yangu ya Maweni. Niliijenga 1998 kwa pesa za maandazi na mahamri, mawe ya matumbawe, vyumba vinne, makuti. Nyumba yangu, ardhi ya mwenyewe. Nyumba bila shamba, ndivyo wengi wetu Pwani tulivyojenga. Kila mwezi nampelekea wakili wake kodi ya ardhi na ananipa risiti, risiti zote ninazo kwenye kopo la maziwa mpaka leo. Mwenyewe akafa. Watoto wakauza. Aliyenunua akaja na karatasi, siku tisini. Nikaenda na kopo langu la risiti, nikaambiwa risiti ni za kukaa, si za kumiliki. Hawakunionea kwa matusi, walizungumza nami kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Siku ya mwisho babako na Ami yako walikuja na mkokoteni. Tuliteremsha makuti, boriti, fremu za madirisha, na mlango wa mbele. Kuta tuliziacha. Ukuta haubebeki. Nilikaa ng'ambo ya barabara nikaangalia vyumba vyangu vinne havina paa, mvua ya mwezi wa tano inanyesha ndani pale nilipokuwa nikiweka kitanda.

Mwanangu, nyumba iwe ndogo, iwe kubwa, iwe ya bati. Kwanza niambie umekanyaga ardhi ya nani.

Swaleh, 22:24
Shangazi. Sikuijua habari hii yote. Yule mzee sitamrudia.

Nasra, 22:26
Mama, nakumbuka lile kopo.

Ami Athman, 22:33
Basi niseme lililo kifuani. Shamba la marehemu Baba, Mambrui. Minazi ile tunaangua kila mtu kwa zamu, lakini mirathi hatujagawa, na warithi ni kumi na mmoja. Ndiyo sababu hakuna aliyejenga. Mmoja akisimamisha ukuta wa mawe, wengine wataona amejikatia fungu lake. Hata kupanda mnazi mmoja huleta maneno, maana mti kwetu una mwenyewe. Sasa kontena lililokalia matofali tu, bila msingi, linaondoka kwa kreni siku tutakapogawa. Halimnyang'anyi mtu. Mimi kwa fungu langu sina kipingamizi.

Shangazi Rukia, 22:35
Na mimi sina. Lakini iandikwe, sote kumi na mmoja tutie sahihi. Sitaki mtoto aishi kwa maneno ya mdomo, hata midomo ikiwa yetu.

Mama, 22:38
Mimi naongeza hili. Tumeiogopa mirathi miaka yote, kila mtu akihofia kumkasirisha mwenziwe, na watoto wetu wanalipa kodi kwa watu huku shamba lipo. Tuchukue barua ya chifu, twende Mahakama ya Kadhi, tugawane kama Mungu alivyoagiza. Kontena likae kwa karatasi ya familia mpaka hapo.

Zulekha, 22:41
Bibi amelia kidogo. Asema mumwandike wa kwanza, na kidole chake mkipake wino vizuri kisitoe doa.

Swaleh, 22:46
Sijui niseme nini. Ahsanteni. Kutoka Mambrui kuvuka daraja la Sabaki kuja kazini si mbali, nina pikipiki. Kaunti nitakwenda kuuliza kibali kabla ya kuleta chochote. Maji, kile kisima cha shamba ni cha chumvi, cha kuogea na kufulia. Ya kunywa nitaweka tangi la kuvuna mvua.

Shangazi Rukia, 22:48
Makuti hayavuni maji, baba.

Swaleh, 22:49
Kweli Shangazi. Basi nitaweka mabati kipande cha jikoni.

Nasra, 22:52
Na choo usisahau. Zile za maranda za huku hufanya kazi zikiwa kavu, na sisi twatawadha na kutamba kwa maji. Chimba shimo mbali na kisima. Anza nalo kabla ya sola.

Ami Athman, 22:55
Hilo naunga mkono. Shimo kwanza.

Swaleh, 22:57
Kodi ya mwezi ujao nitailipa hiyo kumi na nane, na mwezi wa pili yake, mpaka karatasi ziwe tayari. Sitaki kuhama kwa pupa.

Shangazi Rukia, 23:02
Kesho ukitoka kazini pita kwangu, na uje na hiyo futi kamba. Ule mlango wa Maweni bado ninao, umelala nyuma ya jiko, nimeufunika turubai. Ni mvule. Sijapata nyumba ya kuutia.

JUMAMOSI

Swaleh, 17:40
Ami, niko kwa Shangazi. Nimeufuta vumbi. Sentimita 84 kwa 196. Bawaba ya chini imeliwa na kutu, ya juu nzima. Mchwa hawajaugusa.

Ami Athman, 17:52
Basi mlango wa kontena tutaukata kwa kipimo hicho.