Ushauri: Hilux dabo kebini ya 3RZ, gia boksi ya oto imegoma. Nimepata ya mtumba iliyotoka kwenye Surf, nifunge au nihamie manyu?

Mkulima wa Viazi
Habari za jioni wakuu. Wataalamu wa magari naomba mnipitie hapa kabla sijatoa hela.

Nina Hilux dabo kebini, injini 3RZ ya petroli, oto, fowili, iliyotoka Japani. Kazi yake ni kubeba viazi toka shambani hadi Makambako, na mara mojamoja inashuka Dar, maana yake kurudi lazima ipande mlima Kitonga ikiwa na mzigo wa dukani. Safari ya mwisho, katikati ya Kitonga, injini ikawa inapiga kelele lakini gari haiendi. Nikaweka mawe kwenye matairi, nikaiacha ipoe, ikapanda. Tangu hapo asubuhi inakwenda kama haina tatizo. Ikishapata moto, D inateleza na rivasi haishiki mpaka nikanyage mafuta sana. Nimechomoa stiki ya haidroliki (oili ya gia boksi), ni nyeusi na inanuka kuungua.

Fundi wa hapa anasema klachi za ndani zimekwisha. Ilala nimetajiwa milioni moja na laki nne kwa gia boksi ya Hilux Surf ya 3RZ pamoja na konvata yake (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa oili). Shemeji yangu anasema niachane na oto, niweke manyu kazi iishe. Je, hii ya Surf inaingia bila kukata wala kuchomelea? Nitajuaje ni nzima ikiwa imelala sakafuni dukani?

Nawasilisha.

Kimya Kingi
Ngoja waje.

Nyundo Tatu
Weka manyu mkuu. Pikapu ya mzigo na oto wapi na wapi.

Spana 14
Pole sana mkuu. Nyundo Tatu, kila uzi wa oto unaandika hivyohivyo, hujawahi kumpa mtu orodha ya vitu. Kuhamia manyu si gia boksi peke yake. Kuna pedali ya klachi, masta silinda ya juu na ya chini, fayawili badala ya ile sahani nyembamba, preshapleti, propela ambazo urefu unaweza kutofautiana, krosi memba, na kontrol boksi (kompyuta ya gari) ambayo itaendelea kuitafuta gia boksi ya oto isiyokuwepo. Ukipata gari zima la manyu la kuchinja, sawa. Kununua kimoja kimoja, utafika mbali kuliko hiyo milioni moja na laki nne.

Sasa mleta mada. Gia boksi yako kwa kawaida ni A340F. Fungua boneti usome kibati, pale penye TRANS/AXLE utaikuta imeandikwa. Ni ya Aisin, gia nne, na familia yake imefungwa kwenye magari mengi: Surf, Supra, mpaka Jeep Cherokee za zamani ambako inaitwa AW4. Si gia boksi ya kufa ovyo. Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia ya Surf nataka nijue yako imeuawa na nini, kwa sababu aliyeiua bado yuko ndani ya gari anasubiri nyingine.

Nijibu haya. Kitonga unapanda O/D (ovadraivu, yaani gia ya nne) ikiwa imewashwa au umezima? Rejeta ni ileile iliyokuja na gari? Haidroliki mara ya mwisho ilimwagwa lini?

Halafu kuna jaribio la bure. Chomoa plagi ya waya za solenoidi (vali za umeme za gia boksi) inayoingia ubavuni mwa gia boksi, uendeshe taratibu eneo la wazi. Bila umeme, L inakupa gia ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, D inakupa O/D moja kwa moja. Ikiwa na moto bado inateleza hivyohivyo, si waya wala kontrol boksi, ni ndani. Ukiwa na mita pima pia solenoidi mbili za kubadilisha gia, kila moja isome kati ya omu 11 na 15.

Mkulima wa Viazi
Shukrani mkuu Spana. Kibati kinasema A340F kweli. Nimechomoa plagi kama ulivyosema, ikiwa baridi inakwenda, ikipata moto inateleza vilevile. O/D huwa nazima nikianza kupanda. Haidroliki sina kumbukumbu.

Rejeta ilibadilishwa wakati wa masika baada ya ile ya zamani kuvuja. Gereji niliyokwenda walinifungia ya mtumba. Baada ya kusoma swali lako nimeingia chini na tochi. Kuna paipu mbili nyembamba za chuma zinatoka kwenye gia boksi zinakuja mbele, lakini haziingii kwenye rejeta. Zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha mpira na klipu mbili. Hii ni sawa?

Spana 14
Si sawa hata kidogo, na hapo ndipo umepata jibu lako.

Rejeta ya gari ya oto ina kipozeo cha haidroliki ndani ya tanki lake la chini. Wewe ulifungiwa rejeta ya gari ya manyu, haina sehemu ya kuchomeka zile paipu, fundi akaona zisimwage oili akaziunganisha. Kwa hiyo tangu masika haidroliki yako inatoka ina moto na kurudi ina moto uleule. Kwenye mzigo konvata ndiyo inayozalisha joto kubwa, na Kitonga ndiko inakofanya kazi kuliko kokote. Oili ikizidi joto inakuwa nyepesi, presha inashuka, klachi zinateleza, zikiteleza zinaongeza joto. Ungeweka hiyo ya Surf bila kugusa hapo mbele, ingekufa palepale ilipofia ya kwanza.

Tafuta rejeta ya oto au funga kipozeo cha pembeni mbele ya rejeta. Kwa kazi yako ningefunga vyote viwili.

Mtu wa Houston
Niko Texas, huku Tacoma na 4Runner za miaka hiyo zina gia boksi hiyohiyo. Naongezea tahadhari moja kuhusu rejeta ya mtumba: ukuta wa kipozeo cha ndani ukitoboka, maji ya rejeta yanachanganyika na haidroliki, inageuka povu la waridi. Maji hayo yanabandua bitana za klachi, na gia boksi ikishayanywa si ya kuisafisha, ni ya kuifungua yote. Kama hiyo rejeta ya oto unayotafuta ni ya zamani sana, bora kipozeo cha pembeni peke yake na ile ya ndani uiache bila kuichomeka.

Dada wa Spea
Mimi nauza spea za mtumba Dar, kwa hiyo najichongea mwenyewe hapa, lakini kaka usije ukarudi kutulaani wote.

Ukifika dukani usiangalie stiki. Haidroliki nyekundu safi kwenye gia boksi ya mtumba haikwambii kitu, inamiminwa mpya asubuhi kabla mteja hajaja. Ng'ang'ania sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi) ifunguliwe mbele yako. Muuzaji anayejua alichonacho atakubali ukilipia gasketi na muda wa kijana wake. Ndani ya sampo kuna sumaku. Ujiuji wa kijivu laini juu yake ni wa kawaida kabisa, hata gari nzima inao. Upitishe kati ya vidole: ukisikia chembe zinazokwaruza, au ukaona vipande vya chuma vinang'aa, au makombo meusi kama ngozi iliyobanduka, mwambie asante na uende duka la pili. Sampo ikiwa safi kama sahani ya harusi, sumaku haina hata ukungu, basi imeoshwa. Jiulize kwa nini.

Angalia pia plagi za waya. Wakatao magari wana haraka, wanakata waya na msumeno. Gia boksi yenye waya zilizokatwa karibu na kesi itakugharimu siku nzima ya kuunganisha. Na paipu zake za kipozeo zikiwa wazi bila kuzibwa, mvua na vumbi vimeshaingia.

Garantii: usikubali "ikisumbua rudisha" ya mdomo. Iandikwe kwenye risiti kwamba wakikuta inateleza unarudishiwa hela, si kubadilishiwa nyingine. Hiyo nyingine ndiyo iliyorudishwa na mwenzako jana.

Nyundo Tatu
Dada wa Spea wewe ni wa kuolewa.

Dada wa Spea
Mume wangu anakusalimia.

Spana 14
Dada amemaliza upande wa kununua. Kuhusu ya Surf kuingia: kama injini yake ni 3RZ kweli, kesi na konvata vinalingana. Ikiwa imetoka kwenye Surf ya V6, belihauzi (kava la mbele linalofungwa kwenye injini) ni nyingine na konvata ni nyingine, kwa hiyo usimsikilize anayesema "zote ni A340". Tatizo lako litakuwa transfa, ile inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Surf nyingi zina transfa ya aina tofauti na ya pikapu, nyingine inaingizwa kwa umeme. Usiihangaikie, ya kwako ni nzima, utaihamisha. Ila kabla ya kulipa nenda na picha za nyuma ya gia boksi yako, uhesabu meno ya shafti inayoingia kwenye transfa.

Siku ya kufunga simama hapohapo gereji. Konvata ndipo mafundi wengi wanapoua gia boksi nzima bila kujua. Imimine haidroliki kidogo kwanza, kisha isukume huku unaizungusha. Inaingia kwa hatua, unasikia inagonga na kuzama, inagonga tena na kuzama. Ikikomea njiani, usoni inaonekana imekaa. Fundi akilazimisha kufunga belihauzi kwa kukaza bolti, anaivunja pampu. Belihauzi lazima ifike kwenye injini kwa mkono, bila spana. Ikishakaza, konvata izunguke kwa vidole na iwe na nafasi ndogo ya kuvutwa mbele kuifuata ile sahani. Haizunguki? Teremsha upya, hata kama ni saa kumi na mbili jioni na fundi ananuna.

Kebo inayotoka kwenye throto bodi kushuka kwenye gia boksi si ya mapambo. Ndiyo inayoiambia presha ipande unapokanyaga mafuta. Ikilegea, gia zinaingia laini, tena unafurahia, kumbe klachi zinaungua. Iwe imenyooka bila ulegevu eksileta ikiwa juu, na ikanyagwe mpaka mwisho bila kuzuia throto kufunguka yote.

Na paipu zile za mbele zisafishwe kwa kimiminika na upepo kabla ya kuunganishwa. Uchafu wote wa klachi zilizoungua umo humo. Oili sili ya pampu na chujio uweke vipya wakati gia boksi iko chini, baadaye itakubidi uteremshe kila kitu.

Mwana Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Nakubaliana na Spana, naongeza hii tu: unapoweka haidroliki, Dexron III, usiamini usomaji wa kwanza. Washa, iache sailensa (iungurume bila kukanyaga mafuta), pitisha mkono kila gia ukitulia kidogo, rudi P, ndipo uchomoe stiki injini ikiwa inaunguruma. Konvata inameza nyingi, kwa hivyo nunua ya akiba. Na usijaze kupita alama ya moto, ikizidi inatoa povu.

Mkulima wa Viazi
Wakuu, mrejesho. Ile ya milioni moja na laki nne muuzaji alikataa kufungua sampo, nikaondoka. Nimepata nyingine duka la pembeni, pia ya Surf ya 3RZ, imeongezeka laki moja na nusu lakini sampo ilifunguliwa mbele yangu, ujiuji laini tu. Kipozeo cha pembeni kimefungwa mbele, rejeta nimeiacha kwanza. Fundi alinuna kweli kwenye konvata, iliteremshwa mara ya pili.

Sasa inashika baridi na moto, rivasi safi. Shida iliyobaki ni taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inapepesa, na gia ya nne haiingii. Nimeunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye plagi ya uchunguzi kama nilivyoona watu wanaelekeza, inapepesa mara sita, inatulia kidogo, inapepesa mara moja.

Spana 14
Hongera mkuu. Sita na moja ni 61, sensa ya mwendo namba mbili, iko nyuma kule mlikohamishia transfa. Kwanza angalia kama plagi imesukumwa hadi ikalia, halafu fuata waya wake mpaka juu ya krosi memba, mara nyingi unabanwa pale wakati wa kupandisha. Ukiwa mzima, toa sensa ya gia boksi yako ya zamani uihamishe. Kwa hiyo ile ya zamani usiiuze chuma chakavu bado.